Mkono Huu ni wa Nani? Historia ya Mkono Mwekundu wa Ulster

Kaskazini ya kisiwa cha Ayalandi kuna nembo moja ambayo mahasimu wawili wanaidai kwa nguvu sawa. Ni kitanga cha mkono chenye rangi nyekundu, kilichokatwa kwenye kifundo, vidole vikiwa vimenyooka kwenda juu. Kwa Kiairishi huitwa Lámh Dhearg Uladh, yaani Mkono Mwekundu wa Ulster. Timu ya kaunti ya Tyrone, inayocheza kandanda ya Kigaeli, huuvaa kifuani, na wengi wa mashabiki wake ni Wakatoliki wanaotamani kuona kisiwa kizima kikiwa nchi moja. Umechorwa pia kwenye kuta za mitaa ya Waprotestanti mjini Belfast, ubavuni mwa majina ya makundi yenye silaha yaliyoapa kwamba jambo hilo halitatokea. Ni mara chache duniani kwa alama moja kubebwa na pande mbili zilizouana kwa miaka thelathini, na kila upande ukaamini kwa dhati kwamba ni wa kwake tangu asili.

Neno hilo, asili, ndilo kiini cha mzozo. Kila aliyeushika mkono huu amedai kwamba aliurithi kutoka kwa wa kale kuliko wote, na kwamba wengine ni wezi au wageni. Mwanahistoria anayefuata njia ya mkono huo kurudi nyuma hugundua jambo linalowasumbua wadai wote: kila hatua anayopiga, hamkuti mwenyeji wa kwanza, bali humkuta mgeni mwingine aliyefika, akashinda, kisha akajifanya mwenyeji.

Hadithi inayojulikana zaidi ni ya mashindano ya mashua. Inasimuliwa kwamba zamani Ulster haikuwa na mfalme. Ikaafikiwa kwamba wanaoitaka nchi washindane kwa mashua, na yeyote ambaye mkono wake utagusa ardhi kwanza, nchi ni yake. Mmoja wao, ambaye wasimulizi wengi humtaja kuwa ni babu wa ukoo wa O'Neill, akaona mashua ya mpinzani wake inamtangulia na ufuko uko karibu. Akauchomoa upanga, akajikata mkono, akautupa ufukoni. Ukatua kabla ya mashua yoyote. Sharti lilisema mkono, halikusema mtu. Basi akapewa ufalme.

Hadithi hii ina mvuto kwa sababu inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Inamsifu shujaa kwa kutojali maumivu, na papo hapo inakiri kwamba alipata nchi kwa ujanja wa maneno. Ni kama hati ya umiliki iliyoandikwa kwa damu: anayeuliza nchi ni ya nani huonyeshwa mkono. Asiyetajwa kamwe katika hadithi ni yule aliyekuwa akiishi ufukoni mkono ulipoanguka. Ardhi inayoshindaniwa imechorwa kana kwamba ilikuwa tupu, ikimsubiri wa kuigusa.

Hadithi hii si ya pekee. Simulizi nyingine huupeleka mkono kwa Conall Cearnach, mmoja wa mashujaa wa masimulizi ya kale ya Ulster. Inasemekana kwamba baada ya kulipiza kisasi cha kifo cha Cú Chulainn, aliubandika mkono wake uliolowa damu kwenye bendera, na alama ikabaki. Wapo pia wanaouhusisha mkono huu na picha ya Kikristo ya Mkono wa Mungu, ambao wachongaji wa Ayalandi waliufahamu vyema. Chini ya bawa la Msalaba wa Muiredach, kule Monasterboice katika kaunti ya Louth, umechongwa mkono ulio wazi ndani ya duara, kazi ya miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Kwa maelezo haya ya mwisho, mkono haukukatwa wala haukutoka damu. Ulikuwa mkono wa kubariki.

Tofauti kati ya Conall na mshindani wa mashua si tofauti ya ladha ya wasimulizi. Ni kesi ya mirathi. Ili kuielewa, sharti kwanza kutenganisha majina mawili ambayo watu wa leo huyachanganya. Jina la Ulster latokana na Ulaid, watu waliotawala kaskazini mashariki ya kisiwa zamani za masimulizi ya Cú Chulainn. Ukoo wa O'Neill haukuwa miongoni mwao. Ulitokana na Uí Néill, kizazi kilichojinasibisha na mfalme Niall wa Mateka Tisa, ambacho kilipanuka kaskazini kwa karne kadhaa na kuwasukuma Ulaid hadi wakabanwa katika pembe ya mashariki, katika sehemu ambazo leo ni kaunti za Antrim na Down. Tawi lililozaa ukoo wa O'Neill lilikuwa Cenél nEógain, na kumbukumbu yake imo katika jina la kaunti ya Tyrone, ambalo kwa Kiairishi ni Tír Eoghain, nchi ya Eoghan. Kwa maneno mengine, waliokuja kuitwa wafalme wa Ulster walikuwa wazao wa walioivunja Ulster ya kale.

Mahasimu wao hawakulisahau jambo hili. Katika karne ya 17 washairi wa Kiairishi walijibizana kwa beti juu ya swali hili: mkono mwekundu ni haki ya nani? Upande mmoja ulisimama na ukoo wa O'Neill. Upande wa pili ulisema kwamba mkono ni wa wazao wa Rudhraighe, yaani Ulaid wa kweli, na kwamba mrithi wake halali ni ukoo wa Magennis wa Down. Msomaji aliyezoea majibizano ya washairi wa pwani ya Afrika Mashariki atautambua mtindo huo bila kuelezwa: nasaba hutolewa, hoja hupanguliwa, na ushairi huwa mahakama. Kinachotia uchungu ni majira ya majibizano hayo. Yalifanyika katika karne ambayo ukoo wa O'Neill na ukoo wa Magennis kwa pamoja walikuwa wakipokonywa mashamba yao. Walikuwa wakigombea picha iliyo mlangoni, nyumba ikiwa inachukuliwa.

Ushahidi ulio imara zaidi hautoki kwa washairi bali kwenye nta. Aodh Reamhar O'Neill, aliyetawala katikati ya karne ya 14, hadi mwaka 1364, alikuwa na muhuri wenye mkono, na maandishi yake ya Kilatini yanamtaja kuwa mfalme wa Waairishi wa Ulster. Cheo hicho kilikuwa na sababu ya kisiasa. Tangu John de Courcy alipoivamia Ulster mwaka 1177, sehemu ya mashariki ilikuwa chini ya mabwana waliotoka Uingereza, na katika karne ya 13 ikaangukia familia ya de Burgh, waliokuwa na cheo cha erli, yaani mwinyi mkubwa anayetawala jimbo kwa jina la mfalme. Mwaka 1333 erli wa mwisho wa familia hiyo, William de Burgh, aliuawa na watu wake mwenyewe. Utawala wake ukaporomoka, na koo za Kiairishi zikaingia palipoachwa wazi. Muhuri wa Aodh Reamhar ni wa miaka ile ile. Mtu aliyepanua mamlaka yake kuelekea nchi iliyokosa mwenyewe alihitaji jina kubwa na alama ya kale, naye akajitwalia vyote viwili.

Familia ya de Burgh nayo ilikuwa na nembo: msalaba mwekundu juu ya ngao ya dhahabu. Baadaye mafundi wa nembo waliviunganisha. Ngao ya dhahabu na msalaba wake vikabaki, na katikati yake ikawekwa ngao ndogo nyeupe yenye mkono mwekundu wa kulia. Hiyo ndiyo nembo ya jimbo la Ulster hadi leo. Anayeitazama kwa makini huona kwamba ni mkataba wa ajabu: alama ya wavamizi wa karne ya 12 na alama ya waliopigana nao, zimefungwa pamoja, na hakuna iliyoimeza nyingine. Laiti historia ya Ulster ingeishia hapo, nembo hiyo ingeweza kusomwa kama picha ya suluhu.

Haikuishia hapo. Mwishoni mwa karne ya 16, Hugh O'Neill, erli wa Tyrone, aliongoza vita dhidi ya utawala wa Uingereza vilivyodumu takribani miaka tisa. Alishindwa Kinsale mwaka 1601. Mwaka uliofuata, jemadari wa Kiingereza Mountjoy alifika Tullyhogue na kulivunjavunja jiwe ambalo juu yake watawala wa ukoo wa O'Neill walitawazwa. Mwaka 1603 Hugh O'Neill alisalimu amri, na Septemba 1607 akapanda jahazi huko Rathmullan pamoja na erli wa Tyrconnell na jamaa zao, wakaelekea Ulaya. Alifariki Roma mwaka 1616 bila kurudi kwao. Mashamba ya waliokimbia yalitwaliwa na mfalme, na kaunti sita zikatengwa kwa ajili ya walowezi kutoka Uingereza na Uskoti: Armagh, Cavan, Coleraine, Donegal, Fermanagh na Tyrone. Inafaa kukumbuka kwamba kaunti sita hizo si kaunti sita za Ayalandi ya Kaskazini ya leo, ingawa mara nyingi watu huzungumza kana kwamba mpaka uliopo ulichorwa na walowezi hao.

Ulowezi unahitaji askari, na askari wanahitaji mshahara. Mei 1611 Mfalme James I alianzisha cheo kipya cha kurithi, baroneti, ambacho humpa mwenyewe haki ya kuitwa Sir na kumrithisha mwanawe haki hiyo. Kilikuwa na bei iliyo wazi. Kila baroneti alitakiwa kugharimia askari thelathini huko Ulster kwa miaka mitatu, kila askari kwa peni nane kwa siku. Hesabu yake ni pauni 1,095 kamili. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilizama katika hazina ya mfalme kabla ya kumfikia askari yeyote, lakini cheo kilibaki. Mwaka 1612 ikatolewa amri kwamba mabaroneti wavae katika ngao zao nembo ya Ulster: mkono mwekundu.

Hapa msomaji anapaswa kusimama kidogo. Hugh O'Neill alikuwa hai bado, akiishi Roma kwa hisani ya Papa na pensheni ya Hispania. Mkono uliokuwa kwenye muhuri wa mababu zake sasa ulikuwa unauzwa London kwa bei ya kuwaweka askari juu ya ardhi yake. Waswahili husema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Mfalme James alifanya kinyume chake: aliukata kwanza, kisha akauvaa.

Kuna tofauti moja ndogo ambayo mafundi wa nembo huitilia mkazo. Mkono wa ukoo wa O'Neill, na wa jimbo la Ulster, ni wa kulia. Mkono wa mabaroneti ni wa kushoto. Maelezo mengi yamebuniwa juu ya hilo. Walioipenda hadithi ya mashua wamesema kwamba bila shaka shujaa alijikata mkono wa kushoto, kwa kuwa upanga aliushika kwa mkono wa kulia, na kwa hiyo mabaroneti ndio waliohifadhi ukweli. Hoja hiyo inavutia mpaka mtu atambue kwamba inatumia hadithi kuithibitisha hadithi. Mihuri ya ukoo wenyewe haikungoja mantiki hiyo. Wengine wameshika imani kwamba mkono wa upande mmoja ni wa Wakatoliki na wa upande mwingine ni wa Waprotestanti, lakini hilo nalo haliwezi kusimama. Bendera ya njano ya kaunti tisa na bendera nyeupe ya kaunti sita, ambazo zitaelezwa chini, zote zina mkono wa kulia. Hakuna awezaye kumtambua rafiki au adui kwa kutazama upande wa kidole gumba.

Kwa zaidi ya karne mbili baada ya James, mkono huo ulikaa kwenye ngao za wakubwa na malango ya majumba yao. Kilichourudisha mitaani ni siasa ya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati bunge la London lilipojadili kuipa Ayalandi serikali yake ya ndani. Waprotestanti wengi wa kaskazini waliliona hilo kuwa ni kutupwa chini ya utawala wa Wakatoliki. Tarehe 28 Septemba 1912, chini ya uongozi wa Edward Carson, wanaume 237,368 walitia sahihi Agano la Ulster, na wanawake 234,046 wakatia sahihi tamko lao. Frederick Crawford, ambaye baadaye aliingiza bunduki kwa magendo, alidai kwamba yeye alisaini kwa damu yake mwenyewe. Ni vigumu kutosikia mwangwi wa mashua na upanga katika dai hilo: ardhi hudaiwa tena kwa damu ya hiari. Mwanzoni mwa mwaka 1913 likaundwa jeshi la kujitolea la Ulster, na nembo yake ilikuwa mkono mwekundu pamoja na maneno yenye maana ya Kwa Ajili ya Mungu na Ulster. Wazao wa walowezi sasa waliuvaa mkono wa ukoo wa O'Neill, lakini wengi wao hawakuuvaa kwa dhihaka. Walikuwa wamekaa Ulster miaka mia tatu, hawakuwa na kwao kwingine, na waliamini kwamba mkono ulioigusa ardhi ulikuwa wao.

Mwaka huo huo wa 1913, mkono huo huo ulionekana Dublin ukiwa na maana iliyotofautiana kabisa na hiyo. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kilichoongozwa na James Larkin kilikuwa kimeuchagua kuwa beji yake. Asubuhi ya tarehe 26 Agosti, madereva na makondakta wa tramu walitoa beji hizo, wakazibandika kwenye makoti yao na kuziacha tramu barabarani. Waajiri walijibu kwa kuwafungia nje wafanyakazi wote waliokataa kukikana chama, na mzozo ukaendelea mpaka mwanzoni mwa mwaka 1914. Mwezi Novemba wafanyakazi wakaunda jeshi la kujilinda, Jeshi la Raia wa Ayalandi, ambalo askari wake walikunja ukingo wa kofia zao na kuubana kwa beji ya mkono mwekundu. Hapo mkono haukuwa wa ukoo, wala wa dini, wala wa jimbo. Ulikuwa mkono wa anayefanya kazi.

Hivyo mwaka 1916 ulipofika, mkono mmoja ulikuwa umekwenda vitani mara mbili. Mwezi Aprili ulikuwa kwenye kofia za wafanyakazi walioiteka mitaa ya Dublin pamoja na James Connolly, wakipigana na utawala wa Uingereza. Tarehe 1 Julai ulikuwa nembo ya Divisheni ya 36, iliyojaa watu wa jeshi la Carson, walipoinuka kutoka kwenye mahandaki ya Somme wakipigana kwa ajili ya utawala huo huo. Katika siku mbili za kwanza divisheni hiyo ilipoteza zaidi ya watu elfu tano, waliouawa, waliojeruhiwa na wasiojulikana walipo. Connolly alipigwa risasi mwezi Mei. Katika makaburi ya pande zote mbili walizikwa watu waliovaa mkono mwekundu.

Mwezi Agosti wa mwaka huo alinyongwa London mtu mwingine ambaye wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kumkumbuka. Roger Casement alizaliwa Dublin lakini alilelewa Antrim, ndani ya Ulster, katika familia ya Kiprotestanti. Alifanya kazi Congo akiwa kijana, na mwaka 1903, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto Congo kuchunguza utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Njia yake ilikuwa magharibi ya yale maeneo ya Congo yanayozungumza Kiswahili, lakini mfumo alioukuta uliwaumiza Wakongo wote. Ripoti yake ya mwaka 1904 ilieleza kwa mifano juu ya watu waliokatwa mikono katika biashara ya mpira. Askari walipewa risasi kwa hesabu na kutakiwa kuleta mkono wa kulia wa maiti kwa kila risasi iliyotumika. Waliopungukiwa waliwakata walio hai.

Casement hakuandika kwamba kuna uhusiano kati ya mikono ile na ule uliokuwa kwenye ngao za kwao, na hakuna haja ya kumsingizia. Lakini anayeziweka picha hizo mbili kando kwa kando hawezi kuisoma tena hadithi ya mashua kwa macho yale yale. Katika hadithi, mkono uliokatwa ni hati ya umiliki. Congo, mkono uliokatwa ulikuwa risiti. Kote kuwili kiungo cha mwanadamu kinageuzwa kuwa karatasi ya hesabu kati ya mtawala na ardhi. Tofauti yake ni kwamba katika hadithi mtawala hujikata mwenyewe, na katika historia aghalabu humkata mwingine. Casement mwenyewe, aliporudi nyumbani, alijaribu kuupinga mgawanyo wa Ulster kwa misingi ya dini. Oktoba 1913 yeye na Jack White, Mprotestanti mwingine wa Antrim aliyeshiriki kuunda Jeshi la Raia, walikuwa miongoni mwa walioandaa mkutano huko Ballymoney wa Waprotestanti waliokataa kwamba Carson awe msemaji wao. Mkutano ulijaa, lakini haukubadili mkondo wa mambo.

Mwaka 1921 kisiwa kikagawanywa. Kaunti sita kati ya tisa za Ulster zikawa Ayalandi ya Kaskazini, ndani ya Ufalme wa Muungano. Cavan, Donegal na Monaghan zikabaki kusini ya mpaka. Katikati ya miaka ya 1920 serikali mpya ya Belfast ikapata nembo yake, na mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, nembo hiyo ikafanywa bendera. Mabadiliko yake yanastahili kutazamwa moja baada ya jingine. Dhahabu ya de Burgh iliondolewa na kuwekwa nyeupe, kwa hiyo msalaba ukafanana na ule wa bendera ya Uingereza. Ngao ndogo ikageuzwa nyota yenye ncha sita, moja kwa kila kaunti. Juu ya nyota likawekwa taji. Mkono haukuguswa, lakini kila kilichouzunguka kiliuambia umma kwamba sasa ni mkono wa nani. Waliokataa mgawanyo waliendelea na bendera ya njano ya kaunti tisa. Mkono mmoja, mandhari mbili. Na katika Ulster, rangi ya kitambaa nyuma ya mkono huo hueleza zaidi kuliko mkono wenyewe.

Bunge la Belfast lilisimamishwa mwaka 1972 na kufutwa mwaka uliofuata, na bendera ile ikapoteza hadhi yake ya kiserikali, ingawa wanamichezo wa Ayalandi ya Kaskazini huingia nayo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka huo wa 1972, katika kipindi kibaya kabisa cha umwagaji damu, liliundwa kundi la wanamgambo wa upande wa Waprotestanti lililojiita Makomando wa Mkono Mwekundu. Mwaka 1998 likazuka jina jingine, Walinzi wa Mkono Mwekundu, na ni kwa jina hilo kwamba mauaji ya wakili Rosemary Nelson, aliyelipuliwa kwa bomu Machi 1999, yalidaiwa. Kwa familia zilizofiwa, mjadala juu ya mihuri ya karne ya 14 hauna uzito mbele ya kumbukumbu hiyo. Kwao mkono ni mwekundu kwa sababu moja tu.

Na bado upande uliolengwa na makundi hayo haukuuacha mkono. Timu ya Tyrone ilipotwaa ubingwa wa Ayalandi kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tena mwaka 2005, 2008 na 2021, ilikuwa na mkono mwekundu kifuani. Si kwamba mashabiki wake hawakujua nani mwingine aliuchora. Walijua vizuri. Kuuvaa ilikuwa ni kusema kwamba mali haipotei kwa sababu mwizi ameivaa. Lakini hoja hiyo hiyo, neno kwa neno, ndiyo washairi wa Magennis waliyowaelekezea O'Neill.

Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 ulizitaja alama waziwazi, ukawataka wahusika wote watambue unyeti wake zinapotumika hadharani. Utekelezaji wake unaonekana katika kilichoachwa. Baraza jipya la kutunga sheria la Belfast lilichagua kuwa nembo yake maua sita ya mmea wa kitani, zao lililovalisha na kulisha kaskazini nzima. Jeshi jipya la polisi likachagua beji yenye mizani, taji, kinubi, mwenge, tawi la mzeituni na jani la shamroki. Alama sita, kila upande ukapata chake, na mkono haumo. Ulikuwa umejaa mno madai kuweza kutumiwa na taasisi inayotaka kuaminiwa na wote.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ushindi wa busara, na wapo watakaosema ni woga. Huenda ni zote mbili. Serikali haiwezi kuvaa alama ambayo nusu ya raia wake wataiona kuwa ni ya waliowaua ndugu zao. Lakini kuiacha kabisa ni kuwaachia walio wakali zaidi wa kila upande wawe wafasiri wake pekee. Kati ya hali hizo mbili yamebaki maeneo machache ambamo mkono hukaa bila mtu kulazimika kuchagua. Klabu ya raga ya Ulster, ambayo eneo lake ni kaunti zote tisa za pande zote mbili za mpaka, huuvaa, na uwanjani kwake Belfast huketi watu ambao vinginevyo wasingeketi pamoja.

Historia ya mkono mwekundu haiwezi kumpa mdai yeyote hukumu anayoitafuta. Ukoo wa Magennis ulikuwa na hoja dhidi ya O'Neill, O'Neill dhidi ya mabaroneti, wafanyakazi wa Dublin dhidi ya mabwana wote, na Waprotestanti wa karne ya 20 wana miaka mingi juu ya ardhi hiyo kuliko mataifa mengi yalivyo na bendera. Kinachoonekana wazi ni kwamba kila aliyeuinua mkono aliuinua pale haki yake juu ya ardhi ilipotiwa shaka. Aodh Reamhar aliuhitaji kwa sababu ufalme wake ulikuwa mpya. Mfalme James aliuhitaji kwa sababu ulowezi wake ulikuwa unahofiwa kuporomoka. Carson aliuhitaji kwa sababu London ilikuwa karibu kumwacha. Mwenye nyumba asiye na shaka hana haja ya kuonyesha hati kwa kila apitaye. Swali la nani aliyeigusa ardhi kwanza limeulizwa Ulster kwa miaka mia sita na limejibiwa kila mara kwa picha ile ile. Swali ambalo hadithi ya mashua haikuliuliza, la waliokuwa wamesimama ufukoni na namna watakavyoishi na yule aliyefika, ndilo ambalo watu wa Ulster wamekuwa wakijaribu kulijibu tangu mwaka 1998, polepole, bila upanga.